Kubadilishana Zawadi Nyumbani Msimu wa Sikukuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo wenyeji huuliza kila msimu unapokaribia. Mengi yanabeba wasiwasi ule ule: mgeni asiaibike, asiondoke mikono mitupu, wala asilazimike kutumia zaidi ya uwezo wake. Majibu yaliyomo humu yanalenga kulinda hilo kwanza. Sherehe inakuwa ya raha pale mambo machache yanapoamuliwa mapema na kusemwa wazi.

## Mambo ya mwanzo

Sherehe ya kubadilishana zawadi ni nini hasa?

Kila mgeni anakuja na zawadi moja iliyofungwa, na kila mgeni anaondoka na zawadi moja iliyoletwa na mwingine. Badala ya kumtafutia kila ndugu na kila rafiki kitu chake, unatafuta kimoja tu. Kwa kundi la watu 10 ambao kila mmoja angempa kila mwenzake, zawadi 90 zinapungua na kuwa 10. Nafuu hiyo ya mfuko na ya kichwa ndiyo inayowavuta wengi, lakini mkikaa pamoja mnagundua kwamba raha yenyewe iko kwenye mchezo wa kugawana.

Inafaa watu wangapi?

Kati ya 6 na 12 ndiyo idadi inayokwenda vizuri. Wakiwa 4 bado inawezekana, ila mshangao unakuwa mdogo kwa sababu zawadi zote zinajulikana mapema. Wakizidi 15, wa mwisho wanasubiri mno na maongezi ya pembeni yanaanza kuua mchezo. Hapo ni heri ugawe wageni makundi mawili yanayocheza kwa wakati mmoja, kila moja na kona yake.

Nyumba yangu ni ndogo. Nitaweza?

Utaweza. Kinachohitajika ni watu kukaa wakionana nyuso na sehemu moja ya kuweka zawadi katikati. Mikeka na mito sakafuni inatosha, tena watu wakikaa chini hulegea haraka kuliko wakipangwa kwenye viti. Hakikisha tu kwamba mzee au mjamzito ana kiti kizuri, na kwamba mtu anaweza kwenda msalani bila kuruka miguu ya wenzake.

Ifanyike saa ngapi, na ichukue muda gani?

Panga muda wa saa mbili na nusu hadi saa tatu kwa jumla. Nusu saa ya kwanza ni ya watu kufika na kusalimiana, kisha mchezo, kisha kukaa na kupiga soga. Alasiri, baada ya chakula cha mchana na kabla ya cha jioni, ndiyo wakati unaomfaa zaidi mwenyeji, kwa sababu hakuna anayetarajia mlo kamili. Andika kwenye mwaliko saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wapo wageni wanaotaka kuondoka na wanaona haya kuinuka, na saa iliyoandikwa inawafungulia mlango.

Msimu huu ratiba za watu hujaa haraka, kwa hiyo toa taarifa wiki 3 au 4 kabla. Siku yenyewe isiangukie mkesha wa sikukuu, kwani watu huwa safarini au jikoni kwao.

Lazima nipike?

Hapana. Vitafunio vya kuliwa kwa mkono na vinywaji vinatosha, mradi mwaliko umesema hivyo ili mtu asije na njaa. Ukitaka chakula zaidi, waombe wageni wachangie kila mmoja kitu chake, lakini usimbebeshe mtu zawadi na sufuria kwa pamoja bila kumuuliza. Mwenyeji anayeshinda jikoni hauoni mchezo aliouandaa.

## Mwaliko na bajeti

Mwaliko useme nini?

Mwaliko mzuri unajibu mambo haya bila mtu kupiga simu: siku na saa, namna mtakavyobadilishana, zawadi moja kwa kila mtu, kiwango cha bei, kama kitu kilichotumika kinaruhusiwa, kama watoto wanashiriki, na kutakuwa na chakula cha aina gani. Omba pia wageni wakuambie wasichoweza kula na harufu au vitu vinavyowadhuru.

Weka tarehe ya mwisho ya kuthibitisha. Idadi kamili ndiyo msingi wa kila kitu kingine. Zawadi zikipungua moja, kuna mtu atakosa.

Nipange kiwango gani cha bei?

Fikiria mgeni mwenye kipato cha chini kuliko wote katika orodha yako, kisha uchague kiasi ambacho yeye anaweza kukitoa bila kukikumbuka wiki inayofuata. Hicho ndicho kiwango cha kundi zima, na wenye uwezo hawapotezi kitu kwa kukifuata.

Weka kikomo cha juu na cha chini. Wengi huandika cha juu peke yake, kisha mmoja analeta kitu cha bei hiyo kamili na mwingine analeta kitu alichookota njiani dakika za mwisho. Ukisema "kati ya hiki na hiki", watu wanakaribiana. Kikomo cha juu nacho kiheshimiwe kwa dhati. Anayekizidi kwa ukarimu anawafanya wengine waonekane wabahili, na hakukusudia.

Kuna mgeni najua hana fedha kabisa msimu huu. Nifanyeje?

Usimwite pembeni umsamehe yeye peke yake, kwa maana huruma ya namna hiyo inauma. Badilisha sharti la wote. Sema kwamba mwaka huu hakuna kununua: kila mtu alete kitu kizuri alichonacho nyumbani, kitu alichotengeneza, au ahadi ya kazi iliyoandikwa kwenye kadi, mfano kumlelea mtu mtoto jioni moja, kumshonea vifungo, kumfundisha kupanda mboga kwenye ndoo. Zawadi za ahadi zina joto lake, na mara nyingi ndizo zinazogombewa. Ahadi iwe na tarehe ya mwisho ya kutimizwa, la sivyo inasahaulika.

Nimwalike mtu ambaye haisherehekei sikukuu hii?

Mwalike, ukimweleza wazi sherehe ni ya nini. Kama kundi lako lina watu wa imani mbalimbali, ita mkutano huo "kubadilishana zawadi za mwisho wa mwaka" na uache mapambo na nyimbo ziwe za furaha ya jumla. Halafu mwachie nafasi ya kukataa bila maelezo. Mtu akisema hapana mara moja, imetosha.

## Kuchagua mchezo

Kuna namna zipi, na nichague ipi?

Tatu ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni rafiki wa siri: kila mtu anachota jina wiki kadhaa kabla na kumtafutia mtu huyo zawadi. Ya pili ni kunyakua: zawadi zote zinawekwa katikati, watu wanachagua kwa zamu na wanaruhusiwa kuchukua ya mwenzao. Ya tatu ni kupitisha: zawadi zinazungushwa kwa kufuata hadithi, muziki au kete, hadi zinaposimama.

Kama wageni wanafahamiana vizuri na wanapenda kufikiriana, chukua rafiki wa siri. Kama ni mchanganyiko wa majirani, wafanyakazi wenzako na binamu ambao hawajawahi kuonana, kunyakua kunayeyusha ugeni haraka, mradi wote ni watu wazima wa kuvumilia utani. Penye watoto, wazee wasiopenda makelele, au mtu aliye kwenye kipindi kigumu, chagua kupitisha. Ukisita, chagua kupitisha.

Kwenye kura ya majina, mtu asijichote mwenyewe afanyeje?

Watu hudhani mtu kuchota jina lake mwenyewe hutokea kwa nadra. Kihesabu ni kinyume. Vikaratasi vikitiwa bakulini na kila mtu akachota kimoja, uwezekano wa wote kukwepa majina yao ni kama asilimia 37 tu. Wakiwa wanne, namna za kugawana majina ni 24, na kati ya hizo 9 ndizo zisizo na aliyejichota. Wakiwa 10 au 20, uwezekano hubaki palepale karibu na asilimia 37. Ndiyo maana kura za bakuli hurudiwa na kurudiwa, na kila ikirudiwa kuna mtu amekwisha kuona jina la mwenzake.

Ipo njia inayofaulu mara moja, na hata mwenyeji hajui nani amempata nani. Chukua kadi kulingana na idadi ya watu, na kila kadi uiandike namba yake mara mbili, juu na chini: 1 na 1, 2 na 2, na kuendelea. Zichanganye zikiwa zimefunikwa, zipange mstari mmoja, kisha kila kadi uikate katikati bila kuifunua. Sasa sogeza safu ya chini hatua moja kulia, na kipande cha mwisho kilichobaki nje ukirudishe mwanzo. Kila mshiriki achukue jozi moja, kipande cha juu na kilicho chini yake. Namba ya juu ni yake mwenyewe, na ya chini ni ya mtu atakayempa zawadi. Mwisho watu wote waandike majina yao kwenye karatasi moja mbele ya namba zao za juu, kila mmoja asome aliyempata na anyamaze.

Hapo haiwezekani kabisa mtu kujipata. Tena mnyororo unakuwa mmoja: siku ya sherehe anayeanza anampa wake, aliyepokea anampa wake, hadi zawadi inamrudia aliyeanza. Inapendeza kuitazama ikienda.

Mchezo wa kunyakua unachezwaje?

Kila mgeni anaweka zawadi yake katikati bila jina, kisha anachota namba. Namba 1 anachagua zawadi, anaifungua mbele ya wote. Namba 2 ana hiari: afungue mpya, au anyakue ile ya namba 1. Akinyakua, aliyenyang'anywa naye anachagua kufungua mpya au kunyakua ya mwingine, ila hawezi kuirudisha papo hapo ile aliyopokonywa. Zamu inaisha pale zawadi mpya inapofunguliwa. Mchezo unaendelea hivyo hadi zawadi ya mwisho ifunguliwe.

Masharti mawili yasikosekane. Kwanza, zawadi ikinyakuliwa mara tatu inafungwa, yaani hainyakuliwi tena, na aliyenayo mkononi ndiye mwenyewe. Bila sharti hili kitu kimoja kinaweza kuzunguka mpaka watu wachoke; likiwepo, wageni 10 hawawezi kuzidisha minyakuo 30, na kwa kawaida inakuwa michache zaidi. Pili, zawadi zote zilizofunguliwa zikae mahali pa kuonekana. Watu huficha. Utamwona mtu mzima amekiweka kikombe cha udongo katikati ya mapaja, ametandika leso juu yake na kuinamia simu yake kwa bidii, akiomba kimoyomoyo namba 9 amsahau. Ni la kuchekesha, lakini namba 9 ana haki ya kukiona.

Kwa wastani, panga dakika 3 kwa kila zamu. Watu 10 watamaliza kama nusu saa, au zaidi kidogo wakiwa waongeaji.

Mbona namba 1 anaonewa?

Ni kweli, anaonewa. Anafungua bila kuwa na cha kulinganisha, na asiponyang'anywa haguswi tena na mchezo, wakati namba ya mwisho anatazama zawadi zote na kuchagua. Dawa yake ni kumpa namba 1 nafasi ya mwisho: zawadi zote zikishafunguliwa, anaruhusiwa kubadilishana mara moja na yeyote ambaye zawadi yake haijafungwa kwa sharti la mara tatu. Anayebadilishwa hajibu mapigo. Mchezo umekwisha hapo.

Hatupendi kunyang'anyana. Kuna mchezo wa upole?

Upo, na huu wa hadithi ndio ninaoupenda kuliko yote. Watu wanakaa duara, kila mmoja na zawadi mapajani. Msomaji anasoma hadithi fupi iliyojaa maneno "kulia" na "kushoto": "Mama aligeuka kulia kutafuta funguo, kumbe zilianguka kushoto..." Kila neno hilo linapotajwa, kila mtu anapitisha zawadi kwa jirani wa upande huo. Hadithi ikiisha, uliyonayo ni yako.

Iandike mwenyewe, itiririke kama aya mbili au tatu, na uwatie wageni ndani yake. Weka "kulia" nyingi kidogo kuliko "kushoto". Zikilingana, zawadi zitarudi palepale zilipotoka. Tofauti ya 3 au 5 inatosha. Tofauti hiyo pia isiwe sawa na idadi ya watu wala isigawanyike kwayo, maana kwa watu 5 hatua 5 zinakurudisha kwako. Mwishoni kama kuna aliyepata aliyoileta mwenyewe, umekosea hesabu; mpitishe kila mtu hatua moja zaidi.

Na kete?

Inafaa mkiwa wachache. Patana maana ya kila upande: 1 pitisha kulia, 2 pitisha kushoto, 3 badilishana na umtakaye, 4 fungua, 5 wote mpitishe kulia, 6 kaa ulivyo. Cheza kwa muda uliowekwa kwenye saa, kama dakika 15, na kengele ikilia mchezo umekwisha.

## Zawadi zenyewe

Hujui nani ataipata. Utachaguaje?

Chagua kitu kinachoisha au kinachotumika kila siku. Daftari zuri, kikombe, taulo ya jikoni, mche wa maua kwenye chungu, mchezo wa karata, tochi, shajara, kikapu cha kuwekea vitu vidogo. Kitu kinachoisha hakimletei mtu mzigo wa kukitafutia kabati. Kipimo changu ni hiki: ningefurahi kama kingenirudia mimi? Kama jibu ni hapana, kirudi dukani.

Epuka nguo zenye saizi, vipodozi na manukato, dawa za aina yoyote, na picha kubwa za ukutani zinazomlazimisha mtu kupenda upendalo. Mnyama hai asiletwe kabisa, hata kifaranga. Ni uhai unaohitaji mtu aliyeamua kuulea. Pombe nayo iachwe, isipokuwa kundi zima limekubali kwa kauli moja. Unaweza kujua kwamba hawa wawili wanakunywa, na usijue kwamba wa tatu anapambana kuiacha.

Kama zawadi ni ya kuliwa?

Iandikwe ina nini, hasa karanga na aina nyingine za kokwa, maziwa, mayai, ngano, ufuta, soya na viumbe vya baharini, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyodhuru watu wengi wenye mzio. Kwa kitu cha kupika nyumbani, ongeza tarehe kilipopikwa na kama kinahitaji friji. Bandika maelezo hayo ndani ya karatasi ya kufungia ili yasiharibu mshangao.

Naweza kuleta kitu kilichotumika, au zawadi niliyopewa na mtu mwingine?

Kama mwaliko umeruhusu, ndiyo. Kiwe kizima, safi na kamili: fumbo la vipande lisikose kipande, taa iwake, kitabu kisiwe na jina la mtu ukurasa wa kwanza. Kwa zawadi uliyopewa, kagua ndani ya boksi kama kuna kadi. Na jiulize kama aliyekupa atakuwepo sebuleni siku hiyo au ni rafiki wa atakayekuwepo. Kama ndiyo, kiache nyumbani.

Zawadi za utani zinaruhusiwa?

Zikiruhusiwa, ziwe zote. Sherehe ambapo mmoja analeta blanketi zuri na mwingine analeta kiatu kimoja cha zamani "kwa kuchekesha" ina mtu atakayeondoka na kiatu. Anacheka na wenzake, kisha anakibeba hadi nyumbani. Amua mapema, uandike, na usiruhusu mchanganyiko.

Lazima zifungwe kwa karatasi ya duka?

La. Gazeti, mfuko wa karatasi uliogeuzwa, ramani ya zamani au kipande cha kitambaa vinafaa, na kitambaa ni zawadi ya pili. Kama mnataka kupeleka karatasi kwenye urejelezaji, ifinyange mkononi kisha uiachie. Ikibaki imejikunja, kwa kawaida ni karatasi. Ikijikunjua yenyewe, ina plastiki ndani. Yenye kumetameta iache hata kama imefaulu jaribio, na utepe wa gundi utolewe kwanza.

Ukubwa wa boksi nao ni sehemu ya mchezo. Kitu kidogo ndani ya boksi kubwa kinaleta raha isiyogharimu chochote.

## Siku yenyewe

Niandae nini kabla ya wageni kufika?

Namba zilizokatwa, bakuli la kuchotea, mkasi, mfuko mkubwa wa kutupia karatasi, kalamu, na zawadi mbili za akiba zilizofungwa kama nyingine. Hizo mbili zitakuokoa zaidi ya kitu kingine chochote. Ziwe za kawaida kabisa, ndani ya kiwango mlichopatana, na ufiche chumbani. Zisipotumika, zitafaa mwaka ujao.

Masharti ya mchezo yaandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja ubandike ukutani. Mabishano mengi hutokana na kila mtu kuja na masharti aliyoyazoea kwingine.

Nani aongoze?

Mtu mmoja mwenye sauti na moyo mwepesi, na si lazima awe mwenyeji. Kazi yake ni kutaja namba, kuhesabu minyakuo, na kuamua papo hapo panapotokea utata. Uamuzi wake usijadiliwe. Mwenyeji akiwa huru, anaweza kumwona aliyekaa kimya na kumsogelea.

Watoto washiriki?

Washiriki, kwa duara lao na zawadi zao. Mtoto mdogo hana namna ya kuelewa kwamba mdoli aliyemfungua sasa hivi ni wa mtu mwingine, na kumfundisha mbele ya kundi zima ni ukatili. Wacheze mchezo wa hadithi bila kunyakuana, au wachague moja kwa zamu. Kumbuka walio chini ya miaka 3: vitu vyenye vipande vidogo, betri ndogo za mviringo kama vidonge na sumaku visiwepo kabisa kwenye rundo lao. Mtoto mkubwa anayetaka kucheza na watu wazima aulizwe kwanza, faraghani, kama yuko tayari kunyang'anywa.

Ndugu yuko mbali. Anaweza kujiunga kwa video?

Anaweza. Atume zawadi yake mapema, na mteue mtu sebuleni wa kuwa mikono yake: kumchotea namba, kumwonyesha zawadi moja moja mbele ya kamera, kumfungulia. Kwa mchezo wa kunyakua mtaje kila zawadi kwa sauti, kwa sababu kwenye simu haoni rundo lote. Amueni pia nani atalipia kumtumia aliyoipata. Kama kuna wengi walio mbali, rafiki wa siri ndiyo namna nyepesi zaidi: kila mtu anatuma moja kwa moja na mnafungua pamoja.

## Mambo yakienda mrama

Mgeni amekuja bila zawadi, au ameleta rafiki asiyetarajiwa.

Mkaribishe, kisha mpitishe chumbani uchukue moja ya akiba na umpe ashike kabla hajaingia sebuleni. Asiwepo anayejua. Aliyesahau usimkumbushe baadaye.

Mgeni hakufika na alishathibitisha.

Kwenye kunyakua na kupitisha hakuna tatizo, kwani zawadi yake pia haikuja. Kwenye rafiki wa siri kuna mtu aliyekuwa anasubiri zawadi kutoka kwake, na huyo apewe ya akiba. Zawadi iliyoletwa kwa ajili ya asiyefika ihifadhiwe apelekewe. Kama anayo sababu ya ugonjwa au msiba, sherehe isiwe jambo la kwanza mnalomtajia.

Mgeni amechelewa na mchezo umeanza.

Mpe namba inayofuata ya mwisho na uongeze zawadi yake kwenye rundo. Zawadi zikiwa zimekwisha kufunguliwa zote, asinyakue. Afunguliwe ya akiba na yake iende akiba. Usianze upya.

Zawadi moja ni duni waziwazi, na wote wameona.

Usiseme neno, na kiongozi aite namba inayofuata haraka. Baadaye, mtu akiwa anaaga, mwenyeji anaweza kumpa ile ya akiba iliyobaki: "Hii nayo chukua." Usichunguze nani aliyeileta. Huenda ndicho alichokuwa nacho.

Mtu ameumia kweli baada ya kunyang'anywa.

Tofautisha kelele za utani na kimya. Anayepiga kelele "Mwizi huyo!" yuko mchezoni. Anayesema "Haya, chukua tu" kwa tabasamu fupi na kuanza kukusanya karatasi sakafuni, huyo mtazame. Kiongozi anaweza kutangaza kwamba raundi inayofuata haina kunyakua, bila kumtaja mtu. Kama kuna uhasama wa zamani kati ya wageni wawili, kunyakua hakukufaa tangu mwanzo. Rudi kwenye swali la kuchagua namna.

Zawadi mbili zimefanana.

Hakuna kosa. Wawili hao wana jambo la kuzungumza.

Niliyoipata haifanyi kazi.

Mwambie mwenyeji kimya kimya, na yeye amwulize aliyeileta kama ana risiti. Ikiwa zawadi hazikuwa na majina na hakuna aliyejitokeza, liishie hapo. Kwa vitu vya umeme, waombe wageni tangu kwenye mwaliko waache risiti isiyo na bei ndani ya boksi.

Sikuipenda yangu. Naweza kubadilishana na mtu baada ya mchezo?

Mkikubaliana wawili, mnaweza, na ni vizuri kiongozi aseme hivyo mwishoni ili watu wasione haya. Fanyeni pembeni, si mbele ya aliyeileta. Ukiambulia kitu ambacho hukihitaji kabisa na hakuna anayekitaka, kipokee kwa shukrani na umpe anayekihitaji wiki zijazo.

Picha zipigwe?

Uliza kabla ya mchezo kuanza, na uulize tena kabla ya kuziweka mtandaoni. Sura ya mtu anapofungua asichokipenda ni yake na waliokuwepo. Picha za watoto ziwe kwa idhini ya wazazi wao.